Njia ya Tabora na Wasomi Walioifuata

Kabla meno ya tembo hayajawa bidhaa kubwa, na kabla merikani na shanga hazijafika bara, njia ya magharibi, ile inayopita Tabora, ilikuwa njia ya chumvi. Karibu na mahali Mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, katika nchi ya Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Kila kiangazi watu waliteremka huko kutoka pande zote. Walijenga vibanda vya muda, wakachota maji, wakayachemsha kwenye vyungu hadi yakakauka na chumvi ikabaki chini. Kisha waliifunga kwa majani na magome ya miti, wakawaachia watemi wa Uvinza fungu lao, na kurudi makwao kabla ya mvua. Chumvi hiyo ilisafiri mashariki hadi Unyamwezi na magharibi hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Katika miaka ya 1960 watu wawili wa fani tofauti waliifuata chumvi hiyo. John Sutton alikuwa mwanaakiolojia na Andrew Roberts alikuwa mwanahistoria. Sutton alichimba penye chemchemi na kukuta tabaka juu ya tabaka za vigae, majivu na mashimo ya kuhifadhia maji. Roberts alikusanya maandishi ya wasafiri, kumbukumbu za wakoloni na masimulizi ya wenyeji. Makala yao ya pamoja ilichapwa mwaka 1968 katika jarida la Azania. Mkaa uliopimwa maabara ulionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha chumvi Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mfanyabiashara wa kwanza wa pwani kuonekana huko.

Kila mmoja peke yake angeishia njiani. Maandishi ya kwanza ya mgeni aliyepaona huko kwa macho yake ni ya Richard Burton, aliyepita na mwenzake John Speke mwaka 1858, kwa hiyo mtu wa maandishi tu angeanza historia ya Uvinza hapo. Mtu wa jembe na brashi naye angejua umri wa majivu lakini asijue nani alikuwa akitoza kodi, nani alikuwa akinunua, wala mzigo ulielekea wapi. Walipoweka matokeo yao pamoja, dhana ya kuwa bara lilikuwa limelala likisubiri kuamshwa na misafara ya pwani ilianguka.

Barabara ya begani

Wanyamwezi ndio walioifanya njia hiyo kuwa barabara kuu. Walizoea kubeba chumvi, majembe ya chuma na shaba kwenda kwa majirani, na mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wameshafika pwani na meno ya tembo kabla Waarabu na Waswahili hawajaizoea njia ya kwenda kwao. Mpagazi wa pwani alibeba kichwani. Mnyamwezi alibeba begani, na kwa mizigo kama majembe na chumvi alitumia mzegazega, mti mmoja wenye mzigo kila upande. Mtu aliyekaa miaka kadhaa katika kazi hiyo alikuwa na sugu begani, na wenzake waliziheshimu. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera yake, nyuma yake wabeba meno ya tembo waliojiona wakubwa kuliko wengine, kisha wabeba nguo na shanga, kisha wanawake na watoto wenye vyungu na mikeka.

Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo, ilikuwa safari ya kiasi cha miezi mitatu. Burton na Speke walifika Kazeh, makazi ya Waarabu huko Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, wakakaribishwa na tajiri Snay bin Amir. Mtemi wa wakati huo alikuwa Fundikira. Alipofariki, kiti kilikwenda kwa Mnywa Sele, aliyedai ushuru kwa wafanyabiashara wageni. Walimwondoa, wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sele akapigana nao porini hadi alipouawa mwaka 1865. Kisha akainuka Mirambo wa Urambo, aliyeifunga njia ya kwenda Ujiji na kumshinda hata msafiri Henry Morton Stanley alipojiunga na Waarabu kumpiga mwaka 1871. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ndiko alikokaa msafiri na mmisionari David Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi na bidhaa. Mirambo alifariki mwaka 1884. Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Mtemi Isike, naye akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi katika njia hiyo ikaisha.

Kwa muda mrefu habari hizo zilisimuliwa kwa kalamu ya wageni. Katika vitabu vya wasafiri, mpagazi ni mvivu anayetoroka na mwenye kelele za kudai posho. Katika vitabu vya wapinga utumwa, kila mtu njiani ni mtumwa. Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, ndicho kilichoanza kugeuza mambo. Terence Ranger alianzisha idara ya historia, na kitabu cha A History of Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu kikatoka mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla yake, Roberts alikuwa ameshahariri kitabu cha historia za maeneo ya Tanzania kabla ya 1900, naye mwenyewe akaandika sura ya Wanyamwezi.

Chuo hakikutaka wanahistoria wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1967 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi, maarufu kwa kifupi cha BRALUP, iliyowaweka chini ya paa moja wanajiografia, wachumi na watu wa udongo na maji. Ilikuwa na wasomi kama Adolfo Mascarenhas, na baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi walikuwa wakisoma somo la jamii na mazingira ya Afrika Mashariki, ambapo mwanafunzi wa siasa alilazimika kujua mvua, na mwanafunzi wa jiografia alilazimika kujua ukoloni.

Mbung'o, sotoka na funza

Katika mazingira hayo ndipo Helge Kjekshus, mtaalamu wa siasa kutoka Norwei aliyefundisha Dar es Salaam, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na uchumi katika historia ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kali. Alisema kabla ya 1890 watu wa bara walikuwa wameyatawala mazingira yao. Walilima, wakafuga, wakachoma nyasi kwa mpango, na kwa kufanya hivyo wakamweka mbung'o mbali na vijiji. Kisha ndani ya miaka michache yote yakavurugika. Sotoka iliua ng'ombe na nyati kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ndui ilifuata, vikafuata vita vya Wajerumani na njaa. Funza, mdudu aliyeingia Angola kwa meli kutoka Brazili katika miaka ya 1870, alivuka bara kwa miguu ya wapagazi na kufika pwani ya mashariki ndani ya miaka ishirini hivi. Mashamba yaliyoachwa yakawa pori, na mbung'o akarudi pamoja na malale.

Hoja hiyo isingewezekana bila watu wa fani nyingine. Kjekshus alitumia kazi ya John Ford, mtaalamu wa wadudu, ambaye mwaka 1971 alieleza kuwa jamii za Kiafrika zilijua kuishi na mbung'o, na kwamba wataalamu wa kikoloni walimsoma mdudu wakasahau watu. Hata kabla ya hao alikuwepo James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869, aliwahoji wafanyabiashara na viongozi wa misafara kituo kwa kituo ili ajue ugonjwa umetoka wapi na unakwenda wapi. Kitabu chake cha mwaka 1876 kinasomwa leo kama kitabu cha tiba na vilevile kama kitabu cha njia za biashara.

Kjekshus hakuachiwa aseme bila kupingwa. Juhani Koponen wa Finlandi, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alipima ushahidi wa idadi ya watu na kuonyesha kuwa karne ya 19 ilikuwa na vita, biashara ya watumwa na magonjwa ya kutosha kuumiza watu kabla mkoloni hajafika. Mabishano hayo yameacha somo lililokubalika na pande zote mbili: historia ya Unyamwezi haielezeki ukimwacha nje mbung'o, na mbung'o haelezeki ukimwacha nje mtu anayelima.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na nusu tu ya somo hilo. Charles Swynnerton, bwana wanyamapori wa kwanza wa Waingereza Tanganyika, aliongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga, nao ulikuwa wa kiwango cha juu kwa wakati wake. Lakini hatua kubwa ya miaka ya 1920 na 1930 magharibi ilikuwa kuwakusanya maelfu ya watu katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Malale yalipungua. Ardhi iliyobaki nyuma ikawa pori zaidi, na sehemu yake baadaye ikawekwa kuwa misitu ya hifadhi na mapori ya akiba.

Karanga za Urambo

Kisa kinachoonyesha hasara ya kutosikilizana kilitokea Urambo, nchi ya Mirambo, miaka michache baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 tume iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, na kupendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha ikaingia Urambo na Nachingwea.

Kwenye ramani ardhi ilionekana tupu, na hakuna aliyeuliza kwa dhati kwa nini ilikuwa tupu. Matrekta ya mitumba ya vita yalivunjika kwenye visiki na udongo mgumu. Mvua haikufuata hesabu za London. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kula takribani pauni milioni 36. Ulikuwa na wahandisi, wachumi na wataalamu wa mazao, kila mmoja hodari katika lake. Ulikosa mtu wa kuwauliza wazee wa Kinyamwezi wanalima nini, wapi na kwa sababu gani. Urambo ilibaki na mashamba yaliyosafishwa, na tumbaku ikachukua nafasi ya karanga.

Mpagazi alikuwa nani?

Mwaka 2006 vilitoka vitabu viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. Stephen Rockel, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliandika kuhusu wapagazi wa karne ya 19. Alisoma daftari za misafara, barua za wamisionari na masimulizi, akaonyesha kuwa Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya ujira. Walikubaliana mshahara, wakajua haki ya posho, wakajua siku za kupumzika, na walipodhulumiwa waligoma au waliondoka. Kutoroka ambako wasafiri walikuita uvivu kulikuwa silaha ya mfanyakazi.

Jan-Georg Deutsch alitazama upande wa pili. Utafiti wake juu ya mwisho wa utumwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani unaeleza kuwa Unyanyembe yenyewe ilikuwa na watumwa wengi waliolimia Waarabu na wakubwa wa Kinyamwezi, na kwamba chakula kilicholisha misafara kilitoka kwa sehemu kubwa mikononi mwao. Wajerumani hawakuufuta utumwa kisheria. Ulikoma kidogokidogo, watumwa wenyewe wakijiondoa, hadi sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ilipoufuta Tanganyika.

Mwaka huohuo wa 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, ikitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo ni la kweli, ila halijamaliza. Stephanie Wynne-Jones, mwanaakiolojia aliyefanya utafiti Ujiji na katika njia hiyo, amehoji jinsi kumbukumbu ya njia inavyojengwa na nani anayeijenga. Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekutana na ugumu mwingine: wazao wa watumwa wapo, wanajulikana vijijini, na kuwahoji ni kugusa aibu ambayo haikuwa yao. Hapo mwanahistoria anahitaji maadili ya mtu wa ustawi wa jamii kuliko ustadi wa maktaba.

Mifupa na pembe

Miaka ya karibuni maabara imeingia ndani ya mjadala huu. Abdul Sheriff, aliyefundisha Dar es Salaam, alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987 jinsi pembe za Afrika Mashariki zilivyouzwa Bombay, London na Marekani, na jinsi kitambaa cha merikani kutoka Salem, Marekani, kilivyorudi kama malipo. Katika viwanda vya Connecticut pembe zilikatwa kuwa vibonyezo vya piano. Swali lililobaki ni tembo hao waliuawa wapi. Daftari za forodha za Unguja zinataja bandari, pori halimo.

Ashley Coutu, aliyefanya kazi katika mradi wa ikolojia ya kihistoria ulioongozwa na Paul Lane katika Chuo Kikuu cha York, alijibu swali hilo kwa kutumia pembe yenyewe. Kipande kidogo husagwa na kemikali zake hupimwa. Aina za kaboni hueleza kama tembo alikula nyasi au majani ya miti. Aina za nitrojeni hueleza ukame wa mahali alipoishi. Strontiamu hutoka kwenye miamba, hupita kwenye udongo na majani na kuingia mwilini, kwa hiyo hueleza jiolojia ya nchi yake. Ukiwa na ramani ya vipimo hivyo kutoka kwa tembo ambao asili yao inajulikana, unaweza kukisia pembe iliyoko makumbusho ilitoka ukanda gani. Matokeo ya kazi hiyo, aliyoifanya na wenzake, yalichapwa mwaka 2016.

Katika mradi huohuo Thomas Biginagwa, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba vituo vya misafara katika bonde la Mto Pangani na kusoma mifupa ya wanyama walioliwa humo. Wanahistoria walikuwa wakijiuliza kama misafara ilifilisi vijiji ilikopita. Mifupa inasema walikula mifugo gani, wanyamapori gani na samaki gani, na kama chakula kilibadilika kadiri biashara ilivyokua. Ile ni njia ya kaskazini. Njia ya Tabora, iliyokuwa na watu wengi kuliko zote, bado inasubiri kazi ya namna hiyo kituo kwa kituo.

Kazi ya leo

Kazi ya pamoja haihusu ya kale tu. Tumbaku inayokaushwa kwa moto inakula kuni, na kuni za Tabora ni miombo, msitu uleule unaowapa watu asali, nta na dawa. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje ya mji, watafiti wa serikali na wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto walijaribu na wakulima utaratibu wa vishamba vya miti vinavyozunguka. Mkulima anapanda miti inayokua haraka, kama Acacia crassicarpa yenye asili ya Australia, pamoja na mahindi. Baada ya misimu miwili au mitatu kivuli kinakuwa kizito, anaacha kulima na miti inaendelea kukua. Kiasi cha mwaka wa tano anaikata kwa kuni za kukaushia tumbaku na kurudisha mahindi kwenye udongo uliopumzika. Jaribio hilo lina udongo, miti, uchumi wa kaya na sheria ya ardhi ndani yake. Asiyemiliki shamba kwa uhakika hatapanda mti wa kuvuna baada ya miaka mitano, na hilo halionekani kwenye darubini ya mtaalamu wa udongo.

Tangu Uvinza hadi Tumbi funzo ni moja. Mradi wa karanga ulishindwa ukiwa na fedha nyingi na fani chache. Chumvi ya Uvinza ilieleweka kwa watu wawili waliokubali kusikilizana. Hata hivyo kasoro moja imebaki. Vitabu vya Kjekshus, Koponen, Rockel na Deutsch, pamoja na makala za maabara, vimeandikwa kwa Kiingereza na vinasomwa zaidi ng'ambo. Mwanafunzi wa sekondari Tabora anapita Kwihara na kuambiwa hapa alikaa Livingstone. Haambiwi kuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita hapo alikuwa mfanyakazi mwenye mkataba, wala kuwa shamba la jirani lililimwa na mtumwa.

Mji una vyuo vyake sasa, kikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Una kituo cha Tumbi, una makumbusho ya Kwihara, una wazee wa Unyanyembe na Urambo wanaojua majina ya vituo vya zamani. Vyuo hivyo viwakutanishe, mwanahistoria akae na mtu wa misitu na daktari wa mifugo, na wanachokipata kiandikwe kwa Kiswahili na kusomwa kwanza Tabora. Wazee hao hawatakuwepo daima, na anayetaka kuwauliza aanze mwaka huu.